Arubuni ya Riwaya

Fundi seremala wa Mji Mkongwe akiagizwa mlango wa nakshi hupewa arubuni kabla hajashika patasi. Mwenye nyumba humwonyesha upana wa mahali pa mlango, huchagua mbao, huafikiana naye juu ya maua na minyororo itakayochongwa pembeni, kisha fedha hutangulia. Sehemu ya fedha ile hununua mbao, na sehemu huingia jikoni kwa fundi, maana mtu hachongi akiwa na njaa. Hakuna aliyewahi kuona aibu katika jambo hilo. Mlango haujaonekana, lakini umekwisha julikana.

Je, riwaya ambayo haijaandikwa yaweza kupokelewa arubuni?

Suala hili lilidhaniwa kuwa la watu wa mbali, nalo sasa limefika chini ya Mlima Meru. Achukuliwe, kwa mfano tu, kijana wa Ngarenaro, mjini Arusha, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye nia ya kuandika riwaya juu ya babu zake waliolima kahawa katika miteremko ya mlima ule. Hana jina katika uandishi, wala hana mchapishaji. Anawapelekea ujumbe anaowajua na asiowajua, akimwomba kila mmoja shilingi 10,000 kwa simu, naye anaahidi nakala kitabu kitakapotoka. Wakijitokeza watu 500, mkononi mwake zitakuwamo shilingi 5,000,000, na mezani pake hapatakuwa na hata sura moja. Huyu ameuza nini? Na wale 500 wamenunua nini?

Haja yake si ya kubuni. Wachapishaji wengi wa Tanzania huishi kwa vitabu vya shule. Riwaya ya mtu asiyejulikana ni mzigo wanaoukwepa, na mwenye duka hawezi kulaumiwa sana kwa kukwepa bidhaa isiyotoka. Katika miaka ya 1980 Ben Mtobwa aliona njia ni moja tu, kuwa mwandishi na mchapishaji kwa pamoja, akaanzisha Heko. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulitafuta njia nyingine: kumhakikishia mchapishaji kwamba sehemu ya nakala zake imekwisha pata mnunuzi, nazo zigawiwe mashuleni. Njia ile iliwafaa watoto, na waandishi wao pia. Mtunzi wa riwaya ya watu wazima hakuwa na mnunuzi wa namna hiyo. Siku hizi ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini tuzo hulipa jasho lililokwisha kauka. Anayetafuta miezi sita ya kukaa na kuandika, tuzo haimfai kitu.

Basi anawaendea wasomaji. Vyombo ni vipya: huduma ya M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na mwaka uliofuata huko New York ilianzishwa Kickstarter, ambako mtu yeyote mwenye wazo huweza kulitandaza mbele ya dunia na kuomba lichangiwe. Mwaka 2011 ikaanza London kampuni ya Unbound, ya vitabu peke yake. Jambo lenyewe, hata hivyo, ni kongwe kuliko simu na intaneti. Uingereza ya karne ya 18 iliujua sana utaratibu wa kujiandikisha: msomaji hutoa fedha leo, jina lake likaandikwa, naye akasubiri kitabu. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyeonja utumwa akajikomboa, aliitoa habari ya maisha yake London mwaka 1789 kwa njia hiyo hiyo. Toleo la kwanza lilikuwa na majina 311 ya waliojiandikisha, wa kwanza wao akiwa mwana wa mfalme. Haki ya kitabu akaibakiza mikononi mwake, akazunguka mji kwa mji akikiuza mwenyewe, na kabla ya kufa alikiona kikichapwa mara tisa. Wanaodhani kwamba mwandishi kujitafutia wasomaji ni utovu wa heshima ulioletwa na zama za simu wamsome Equiano.

Upo na mfano wa upande wa pili. Samuel Johnson, mtungaji wa kamusi kubwa ya Kiingereza, alitangaza mwaka 1756 kwamba atayatoa maandishi yote ya Shakespeare pamoja na maelezo yake, akakusanya fedha za watu, na akaahidi kumaliza kabla ya Krismasi ya mwaka 1757. Kitabu kilitoka mwaka 1765. Katika miaka ile minane ya ziada alitungiwa shairi la kumkejeli, la mtu aliyekula fedha za watu na kitabu hakionekani; na alipoulizwa orodha ya waliojiandikisha alikiri kuwa majina yamepotea na fedha zimekwisha. Johnson alikuwa bingwa wa zama zake, na kazi yenyewe ilipotoka ilikuwa kazi ya kweli. Kama bingwa aliyejulikana na mji mzima aliweza kufika hapo, mwalimu wa Ngarenaro atafika wapi?

Sheria ya Kiislamu, ambayo imepima biashara za pwani hii kwa karne nyingi, ina mlango wa jambo hili. Asili katika mauziano ni kwamba mtu asiuze asicho nacho. Hata hivyo ikaruhusiwa salam: kulipa leo kwa kitu kitakachotolewa baadaye, kama watu wa Madina walivyokuwa wakilipia tende za mwaka ujao. Sharti ni kipimo kijulikane, sifa zijulikane, na muda ujulikane. Istisnaa, yaani kumwagiza fundi atengeneze kitu, Mahanafi waliipa mlango wake peke yake; Mashafi, ambao ndio wengi katika visiwa na mwambao, waliirejesha chini ya masharti ya salam. Na ndani ya masharti hayo limo moja ambalo mwandishi yeyote afaa kukaa nalo kitako. Salam haisihi kwa tende za mtende mmoja uliotajwa. Mtu aweza kulipia pishi kadhaa za tende za aina fulani, kwa kuwa zikikosekana katika shamba hili zitapatikana katika lile. Hawezi kulipia matunda ya mti ule pale, kwa sababu mti ule waweza usizae.

Riwaya ni tunda la mtende mmoja. Akishindwa yule kijana kuiandika, hakuna shamba la jirani la kuinunua. Kurasa zake zaweza kuhesabiwa na siku yake ikatajwa, ila sifa yake haijulikani na yeyote, hata na mwandishi mwenyewe. Na angekuwa anaijua barabara kabla ya kuiandika, pengine isingekuwa na haja ya kuandikwa. Ndiyo maana arubuni ya mlango na arubuni ya riwaya zimefanana kwa jina tu. Kiswahili chenyewe kinatahadharisha, maana kati ya arubuni na kurubuni pana herufi chache sana.

Kama si mauziano, litasemwa, basi ni mchango. Na ni nani atakayewafundisha Watanzania mchango? Arusha, kama miji mingine ya bara, huendesha harusi zake kwa kamati, kadi na ahadi. Mweka hazina husoma majina, aliyeahidi akakumbushwa, aliyetoa nusu akaambiwa amepunguza ahadi. Visiwani upo upatu, na kijumbe wake. Mkono uliozoea kutoa namna hii hautashindwa kutoa kwa ajili ya kitabu. Lakini mchango wa harusi una nguzo mbili ambazo kitabu hakina. Ya kwanza ni kwamba aliyechanga atakula, na siku ya kula inajulikana. Ya pili ni zamu: leo kwako, kesho kwangu. Anayemchangia mwandishi hatazamii siku yake ya kuchangiwa, kwa kuwa hana riwaya. Hapo ndipo wengi hujiona wameombwa sadaka, wakakunja uso. Na baadhi ya waandishi, kwa kuogopa kuonekana ombaomba, hujitia kuwa wafanyabiashara na kuahidi wasiyoyaweza.

Ipo namna ya tatu, na mfano wake bora umo Meru kwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilitiwa moto. Wameru wakaungana, wakachangishana fedha, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet hadi New York, aliposimama mwaka 1952 mbele ya Umoja wa Mataifa pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Wakulima wa kahawa, waliokwisha pokonywa malisho na makazi, walitoa fedha ili sauti moja ivuke bahari. Hawakuweza kuisikia ikisema. Hawakuwa na hakika yoyote kwamba ingesikilizwa. Na kwa hesabu ya duka, fedha zile zilipotea: kura za Baraza Kuu hazikufika theluthi mbili, na Kirilo alirudi bila ardhi.

Hata hivyo Wameru hawakuiona safari ile kuwa hasara. Waliochanga hawakununua ushindi. Walilipia safari na kusema. Msafiri alikwenda, akasema, akarudi, na aliporudi hakujificha. Alizunguka Tanganyika akieleza yaliyojiri, na habari ile ikawaamsha wengi katika miaka iliyotangulia kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Miaka kumi na mitano baada ya safari, mwaka 1967, yeye na Seaton waliitoa habari hiyo kuwa kitabu kilichochapwa Nairobi. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, nalo ni jambo la kusikitisha kidogo kwa wajukuu wa waliochanga.

Mchango wa Engare Nanyuki unafundisha kitu ambacho mlango wa nakshi na karamu ya harusi haviwezi kukifundisha. Yapo mambo ambayo watu huyalipia kabla, kwa kujua kwamba yaweza kushindwa, na kushindwa kwake hakuwi wizi. Sharti lake ni uaminifu wa aliyepokea: aende kweli, afanye alilotumwa, arejee na hesabu. Fedha ya namna hii jina lake ni amana. Mwalimu wa Ngarenaro akipewa amana hana dhamana ya kutoa riwaya nzuri, kwa kuwa uzuri hauko katika uwezo wa nia. Anayo dhamana ya kuandika. Akiitumia fedha kwa bati la nyumba amefanya khiyana, hata kama baadaye atatoa kitabu kizuri. Na akiandika kwa bidii kikatoka kitabu kibovu, hana deni la fedha kwa mtu, ingawa aibu anayo.

Lakini mfano nao una ukingo wake. Kirilo alikuwa mjumbe, na maneno aliyoyabeba yalikuwa ya waliomtuma. Mjumbe hauawi, husema Waswahili, kwa sababu ulimi ni wake na neno si lake. Mtunzi wa riwaya hana kinga hiyo. Neno ni lake. Tena riwaya yenye thamani mara nyingi husema jambo ambalo waliokaa karibu na mwandishi wasingependa lisemwe. Euphrase Kezilahabi alipoitoa Gamba la Nyoka mwaka 1979, riwaya inayotazama kwa jicho kali uanzishaji wa vijiji vya ujamaa na nguvu iliyotumika kuwahamisha watu, kitabu kilichapwa Arusha, mji ule ule ambamo Azimio lilipitishwa mwaka 1967. Tuseme angeiandika kwa michango ya wenyeviti wa vijiji na makatibu wa chama wa siku zile, kila mmoja jina lake likiwa katika orodha. Sura zile zingebaki? Pengine zingebaki, kwa kuwa Kezilahabi hakuwa mtu wa kutikisika. Mwandishi mchanga hana mifupa ya Kezilahabi.

Hofu ya watu wengi juu ya fedha za wasomaji ni wizi. Wizi ni hatari ndogo, na dawa yake inajulikana. Hatari kubwa ni kupendeza. Yule mwalimu ataandika juu ya babu zake, na miongoni mwa waliochanga wamo shangazi, mchungaji wa usharika, diwani, na watu wa ukoo wanaoishi Marekani waliotuma kiasi kikubwa kuliko wote. Akifika katika sura ya babu aliyeuza shamba la ndugu yake, kalamu itasita. Hakuna aliyemkataza. Ameyaona tu majina.

Pwani inalijua jambo hili kwa upande mwingine. Katika taarabu msikilizaji huinuka akamtuza mwimbaji, na mara nyingi hutuza kwa ajili ya ubeti mmoja, ili fulani aliyekaa upande wa pili ajue kuwa ubeti ule umemhusu. Fedha zile hazijifichi kwamba zina neno lake. Lakini huja baada ya mtunzi kutunga, na msikilizaji akitaka kuugeuza ubeti uwe silaha yake, ubeti umekwisha kuwapo na hawezi kuubadili. Anayelipa kabla ya ubeti kutungwa amekaa karibu zaidi na kalamu, hata akiwa mtu mwema.

Waandishi wa hadithi za mfululizo nao waweza kushuhudia. Eric Shigongo alijijengea wasomaji wengi kwa hadithi zilizotoka kipande kwa kipande katika magazeti yake, na wafuasi wa njia hiyo siku hizi hupeleka sura kwa WhatsApp, sura za mwanzo bure, zinazofuata kwa malipo ya simu. Ni shule nzuri, na wanaoidharau mara nyingi ni watu wasio na wasomaji. Inamfundisha mtunzi kutomchosha mtu. Inamfundisha pia, bila yeye kutambua, kutomuudhi mtu. Na kati ya mafunzo hayo mawili lipo shimo ambalo riwaya nyingi zimetumbukia. Msomaji aliyelipia sura ya saba anataka mhusika wake apone katika sura ya nane.

Wapo wanaosema dawa ni rahisi: mwandishi amalize mswada kwanza, ndipo aende kwa watu. Shauri hili lina nguvu zaidi kuliko linavyodhaniwa. Mswada ukiwa tayari, kilichobaki ni uchapaji, na uchapaji unajulikana: kurasa 240, nakala 500, karatasi ya aina fulani, mwezi fulani. Hapo mtende umekwisha zaa, na tende zimo kapuni. Msomaji asome sura mbili, akiridhika alipe, akisubiri kitabu chenye kipimo, sifa na muda. Ni mauziano safi ambayo mzee yeyote wa pwani angeyakubali, na mwandishi aweza kulala usingizi. Kalamu nayo imeokoka, kwa kuwa yaliyoandikwa yameandikwa.

Ila shauri hili linampendelea mwenye nacho. Mhadhiri mwenye mshahara na likizo ataumaliza mswada wake bila kumwomba mtu. Mwanamke anayeuza ndizi katika soko la Tengeru, mwenye riwaya kichwani, hataumaliza, na hata akiumaliza itakuwa baada ya miaka kumi. Kumwambia amalize kwanza ni kumwambia afanye peke yake lile asiloliweza peke yake. Wangeambiwa Wameru wa mwaka 1951 kwamba mjumbe afike New York kwanza ndipo nauli ichangwe, wangecheka, kama bado walikuwa na nguvu ya kucheka.

Kwa hiyo haki inataka vikapu viwili, kila kimoja na jina lake. Kimoja ni cha wanaonunua kitabu kilichokwisha andikwa. Hao wana haki ya nakala kwa siku iliyotajwa, na siku ikipita bila nakala warudishiwe fedha. Cha pili ni cha wanaompa mwandishi muda. Hao wametoa amana, waambiwe wazi tangu mwanzo kwamba mti waweza usizae, na haki yao ni kupewa habari za kazi, njema na mbaya. Hawana haki ya kuchagua nani apone. Maovu mengi ya uchangishaji huu hutoka katika kuchanganya vikapu: mtu huombwa kama mhisani, akaahidiwa kama mnunuzi, na mambo yakiharibika akaambiwa alikuwa mhisani tangu hapo. Mwaka 2014 riwaya iliyotolewa kwa njia hii na Unbound, The Wake ya Paul Kingsnorth, iliingia katika orodha ndefu ya tuzo ya Booker, na watu wakasema njia mpya imethibitika. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilifilisika, na waandishi wakabaki wanaidai. Waliochanga walimwamini mwandishi. Fedha zilipita kwa mtu wa tatu. Kijana wa Ngarenaro anayepokea shilingi 10,000 moja kwa moja katika simu yake, na kuziandika katika daftari, yuko salama zaidi kwa upande huo.

Linabaki suala la majina. Desturi ni kuwashukuru waliochanga katika kurasa za mwisho, na wengine huwapanga kwa kiasi walichotoa, wakubwa juu, wadogo chini, kama ubao wa michango msikitini au kanisani. Katika toleo la Equiano mwana wa mfalme alitangulia, na bila shaka ilimsaidia mtu mweusi katika London ya mwaka 1789 kuwa na jina lile mlangoni. Matoleo yalipoendelea, orodha ilirefuka kwa majina ya miji mingine aliyoitembelea, na kila jina lilikuwa ushahidi kwamba kitabu kimesomwa mbali zaidi. Arusha ya leo haihitaji mwana wa mfalme mlangoni. Aliyetoa shilingi 2,000 kutoka Unga Limited, baada ya kuhesabu nauli ya kesho, ametoa fungu kubwa zaidi ya aliyetuma dola 100 kutoka ughaibuni, na herufi za alfabeti hazijui tofauti yao. Majina yapangwe kwa alfabeti, na mwandishi aombe yasiletwe mbele yake mpaka sura ya mwisho iwe imekwisha.